Meza Iliyopimwa Kama Gauni

Nyumbani kwa Mama Pacha kulikuwa na chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ni kwa kubembeleza. Katika chumba kizima walilala yeye, mumewe na pacha wao wa kike. Ile nusu waliiita sebule, na ndani yake mlikuwa na cherehani, kochi la watu wawili, marundo ya nguo za wateja, Wifi, na meza.

Shida ilikuwa meza. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na meza ile aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inahama, gogo la meza ambalo mabosi walikuwa wakiligonga ngumi wakikasirika. Kwa kukatia vitambaa ilikuwa nzuri kupindukia, lakini ilimeza sebule nzima. Kwa hiyo kila jioni ilisukumwa hadi koridoni, na pale ilipotoka Wifi alitandika godoro lake. Asubuhi godoro likaingia mvunguni mwa kitanda, meza ikarudi. Meza na Wifi walipokezana zamu kama walinzi.

Wifi alikuwa mdogo wake Baba Pacha. Alikuja na begi moja akitokea kwa mumewe, na alipoulizwa kulikoni alisema, "Nimechoka," kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyemdodosa. Mama Pacha aliona tu kwamba upepo ukibamiza mlango, mgeni wake hushtuka hadi chai inamwagika kwenye sahani, na hapo akaelewa kiasi alichohitaji kuelewa.

Basi jioni moja mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye funguo nyingi kuliko milango, alipita koridoni kukagua bomba na goti lake likakutana na kona ya meza. Hakupiga kelele. Aliinama, akalisugua goti, akasema kwa upole wa kutisha, "Mama Pacha, korido ni ya kupita watu. Wiki ijayo nisiikute meza hapa. Iingie ndani au iende zake."

"Itaingia, mama."

"Yote?"

"Yote."

Kusema ni rahisi. Mama Pacha alirudi sebuleni, akasimama katikati mikono kiunoni, akaanza kupima kwa macho. Meza ikilala ndani, Wifi atalala wapi? Juu yake, kama mzigo wa sokoni? Chini yake, kama paka? Akajikuta anawaza kwa sauti, na Mama Pacha hakujaliwa sauti ya kunong'ona.

"Humu ndani nataka nafasi," alisema. "Kwa vyovyote vile lazima nipate nafasi humu."

Alimaanisha nafasi ya godoro. Wifi, aliyekuwa nyuma ya pazia akisuuza vikombe, alisikia kwamba godoro ndilo linalokula nafasi. Aliendelea kusuuza kikombe kilekile kwa muda mrefu, hadi Mama Pacha akamwuliza kama kimeingia nzi.

Kesho yake, akipiga pasi sketi ya mteja, Wifi alisema bila kuinua macho, "Wifi, nimeongea na Kaka Mkubwa. Jumamosi atakuja kunichukua, nikakae kwake."

Mkono wa Mama Pacha ulisimama kwenye gurudumu la cherehani. Alimjua vizuri Kaka Mkubwa, kaka yao Wifi na Baba Pacha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa suluhu, na suluhu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: mke arudi kwa mumewe, mengine yatajirekebisha. Tayari alikuwa akizungumza na huyo mume kwenye simu, wakiitana shemeji kwa vicheko. Mtu akiingia kwa Kaka Mkubwa na begi lake, haichukui muda atajikuta amesindikizwa, yeye na begi, hadi kwenye mlango alioukimbia. Wanawake hao wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Mama Pacha alitaka kusema, usiende. Akasema, "Haya."

Neno lile halina mwenyewe. Linaweza kuwa sawa, linaweza kuwa potelea mbali, na anayelisikia ndiye anayejichagulia. Wifi alijichagulia lililo baya, akaigeuza sketi upande wa pili. Mama Pacha alikanyaga pedali kwa hasira na kushona mfuko wa suruali ya mtu ukafungwa kabisa, ikabidi aufumue.

Hasira yenyewe ilikuwa ya kujionea huruma. Kabla ya Wifi alikuwa akishona na redio tangu asubuhi hadi jioni, akiongea na mtangazaji asiyemjibu. Sasa alikuwa na mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano, wa kuwasuka pacha bila kuwaliza, na wa kumwigiza mteja mwenye maringo mara tu akishatoka mlangoni. Alimpenda, ndiyo ukweli. Lakini yeye na wifi yake walizoea kutaniana, na ulimi uliozoea utani hupata kigugumizi ukitakiwa kusema jambo la moyoni. Isitoshe aliogopa. Je, kama Wifi mwenyewe ndiye amechoka kubanana, na akimwambia kaa, amjibu hapana usoni?

Baba Pacha alikuwa safarini na lori lake. Kwenye simu alisema kile anachosema siku zote, "Nikirudi tutaona," kisha mtandao ukamchukua.

Mama Pacha akaamua kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Kumkaribisha mtu mahali pasipo na pa kulaza ubavu ni kumdhihaki. Kwanza nafasi, maneno yatafuata. Atapata meza ya kukunja, mchana akatie nguo, jioni isimame ukutani kwa adabu, na iwe tayari kabla ya Jumamosi.

Seremala wa kona aliitwa Bwana Kesho, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alimsikiliza Mama Pacha, akapuliza vumbi la mbao kwenye kope, akasema, "Meza ya kukunja? Kazi ndogo hiyo. Njoo kesho."

"Fundi mwenzangu," Mama Pacha alisema, "hilo neno tunawauzia wateja. Sisi kwa sisi hatuuziani."

Bwana Kesho alicheka mpaka akaketi. Kwa kuwa alikamatwa, akasema kweli: hana nafasi ya kuigusa kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini akakubali kumwazima msumeno, keekee ya kutobolea, bisibisi na randa, akamwuzia bawaba na bolti, na kwa kijiti akamchorea vumbini jinsi inavyokwenda. Fremu mbili za miguu, moja kubwa na moja ndogo. Ndogo inaingia ndani ya kubwa, bolti inapita katikati, zinapishana. Ukizivuta zinasimama, ukizibana zinalala.

"Kama mkasi," alisema Mama Pacha.

"Kama mkasi. Lakini samaki mkunje angali mbichi, Mama Pacha. Useremala umri huu?"

"Wewe lete msumeno. Kukata ni kukata."

Mbao hakununua. Aliitoa meza kubwa hadi kibarazani, akaichora chaki ya fundi cherehani kila mahali, na kuanza kuikata. Wifi alitoka ndani kusikia kelele, akasimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Wifi, unaikata meza yako?"

"Nataka meza ya kukunja. Nilishasema nataka nafasi." Alisema hivyo huku anahema, na wala hakuona uso wa mwenzake ulivyobadilika. "Nishikie hapo mwisho, inayumba."

Wifi akashika. Mstari wa chaki ulikwenda kulia, msumeno ukaenda kushoto kwa shughuli zake. Baada ya muda Wifi aliomba ajaribu, na ikaonekana mkono wake umetulia zaidi. Akavuta taratibu, kimya, meno ya msumeno yakifuata chaki bila ubishi. Pacha waliletewa unga wa mbao wakatengeneze keki.

"Kwa Kaka Mkubwa nafasi ipo?" Mama Pacha aliuliza kwa mbali, akijifanya anatafuta msumari.

"Ipo."

"Kubwa?"

"Ya kutosha."

"Haya," alisema Mama Pacha tena, na mara hii alitamani kuung'ata ulimi wake.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi nguo za watu, mchana mbao. Mama Pacha alipima kwa utepe wake wa shingoni, uliochoka hadi tarakimu za mwanzo zimefutika, na alipima kwa madaha, maana kupima ndiyo kazi yake. Wateja waliokuja kuchukua magauni waliondoka na vumbi la mbao kwenye pindo. Fremu kubwa ikakamilika, imekaza, haina mchezo. Fremu ndogo nayo ikakamilika, ikakazwa skrubu kila kona. Siku ya Alhamisi walizilaza zote mbili sakafuni ili waingize ndogo ndani ya kubwa na kupitisha bolti.

Ndogo ikakataa kuingia.

Mama Pacha aliisukuma kwa mikono. Aliisukuma kwa goti. Aliivulia kandambili akaigonga. Alimwita Wifi aikalie upande mmoja naye akakalia mwingine, wakakaa pale wakitazamana kama watu wanaosubiri basi. Fremu haikusogea hata unywele.

"Umeipimaje?" Wifi aliuliza.

"Kama kawaida yangu. Nimepima ndani ya hii kubwa, halafu nikaongeza pindo huku, na pindo kule."

Wifi aliinuka kwenye fremu. "Pindo la nini, wifi?"

"Pindo la..." Mama Pacha aliutazama ubao. Ubao nao ulimtazama. "La kushonea," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Na ubao utaushona kwa sindano namba ngapi?"

Hapo Wifi alianza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu akalala chali sakafuni kabisa, mikono tumboni. "Wifi yangu," alisema alipopata pumzi, "gauni huwa kubwa kuliko mtu. Hapa hii kubwa ndiyo gauni, na hii ndogo ndiyo mtu. Badala ya kumpunguza mtu apite, wewe umemnenepesha."

"Mteja hajawahi kulalamika nimemwachia pindo."

"Mteja huyu amekataa hata kuvaa."

Wakacheka hadi mwenye nyumba akachungulia kuona kuna msiba au arusi. Mama Pacha hakuwa amemsikia Wifi akicheka namna ile tangu aingie kwake. Kwa kawaida alicheka kwa kiasi, kama mtu anayepakua chakula kwenye nyumba ya watu.

Kisha Wifi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kusema, "Nitakukumbuka."

Neno la kumzuia lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi wa Mama Pacha. Lakini mbele yao kulikuwa na fremu mbili zilizogombana, skrubu zimetapakaa, na hakuna hata pa kuweka mguu. Ungemwambia mtu akae wapi? Mama Pacha alichukua bisibisi na kuanza kufungua kona, akiwa amefura kwa kujikasirikia mwenyewe.

Walizikata zile mbao za upana za fremu ndogo, wakaondoa pindo la huku na pindo la kule na unywele mmoja zaidi, ili mtu apite bila kukwaruzana na gauni lake. Ijumaa wakapiga msasa hadi vidole vikawaka. Bawaba zikafungwa, bolti ikapita, na Mama Pacha alipovuta miguu, meza ikasimama. Aliikalia. Ikamvumilia, na yeye si mwepesi. Akaibana, ikalala ubapa kama ubao wa pasi, akaisimamisha ukutani nyuma ya cherehani, ambako haikuonekana. Akaitoa tena. Akairudisha. Pacha waliomba zamu wakanyimwa.

"Imetoka vizuri," alisema Wifi. "Sasa utakuwa na nafasi yako."

Alisema bila chuki, akaenda kufagia unga wa mbao.

Jumamosi asubuhi Wifi alikuwa ameshaoga, amevaa nguo ya kutokea. Begi lilikuwa mlangoni, na juu yake godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Pacha walikuwa wamenuna kwenye kochi. Mama Pacha aliivuta meza, akaikunja, akaisimamisha nyuma ya cherehani, akafagia pale katikati ingawa palikuwa safi.

"Lete godoro," alisema.

"Nimeshalifunga. Kaka yuko njiani."

"Lifungue."

Wifi alimtazama, lakini ilikuwa sauti ya kuwaambia wateja inua mikono, na hakuna anayeibishia. Alifungua kamba. Godoro likatandazwa, likaenea lote bila kukunja kona, na pembeni ikabaki njia ya mtu kupita hadi mlangoni.

"Haya, tazama," alisema Mama Pacha. "Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naitafuta."

"Ya godoro?"

"Sasa ya nini? Ya kuchezea mpira?"

Wifi aliketi taratibu kwenye mkono wa kochi. "Mimi nilisikia unataka nafasi. Kisha nikakuona unaikata meza yako mwenyewe. Nikajiambia, mtu anayekata hadi meza yake ili apate nafasi, mimi mgeni nasubiri niambiwe nini tena? Kila tukivuta ule msumeno nilikuwa nausikia: toka, toka, toka."

"Msumeno ulikuwa unasema kaa."

"Hakuna msumeno unaosema kaa, wifi."

Mama Pacha alifikiri, akakubali kimoyomoyo kwamba kweli hakuna. Basi ilimlazimu aseme mwenyewe. Alishika ufagio kwa mikono miwili, jasho likamtoka kana kwamba bado anakata mbao.

"Usiende," alisema. "Nataka ukae hapa na sisi. Sikuhurumii, usinielewe vibaya. Mimi ndiye nitakayepata shida ukiondoka. Na kule kwa yule bwana sitaki urudi. Basi, nimesema."

Kabla Wifi hajajibu, honi ililia nje, na Kaka Mkubwa akabisha hodi huku ameshaingia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na uso wa mtu anayekuja kumaliza jambo.

"Shemeji, hamjambo? Mzigo uko wapi? Gari nimeazima, mwenyewe analihitaji." Aliona godoro limetandazwa katikati ya sebule, akalikwepa. "Mbona hamjafunga?"

Mama Pacha alifungua mdomo, akaufumba. Lake alikwisha kulisema. Hili la pili halikuwa lake. Alimtazama Wifi.

Wifi alisimama. "Mzigo haupo, kaka. Nakaa hapa."

"Unakaa hapa? Na yule mwenzako nimeshamwambia unakuja, mtakaa kitako, muyamalize?"

"Mwambie siji."

"Siji leo, au siji?"

"Siji."

Alilisema kwa utulivu uleule aliofuata nao mstari wa chaki. Kaka Mkubwa aligeuka kwa Mama Pacha, kutafuta mtu mzima wa kuelewana naye. "Shemeji, chumba chenyewe ndiyo hiki. Atakaa mpaka lini?"

"Hilo swali, shemeji," alisema Mama Pacha, "humu ndani hatujaliuliza. Utakunywa chai?"

Alikunywa. Alikunywa akiwa amesimama, kwa sababu hakukuwa na njia ya kukaa bila kukanyaga godoro, na alipomaliza akasema ataongea na Baba Pacha akirudi. Wakamwambia aongee naye, hakuna neno. Honi ya gari la kuazima ikamwita tena, akaondoka mikono mitupu.

Mama Pacha alikwenda kuosha kikombe. Aliporudi alimkuta Wifi amejinyoosha kwenye godoro, na nguo yake ya kutokea, mara moja tu, alisema, apumzishe mgongo. Kwa muda wote aliokaa nyumbani mle hakuna aliyewahi kumwona amelala. Alikuwa wa mwisho kujilaza na wa kwanza kuamka, godoro likishafichwa kabla watoto hawajapangusa macho, kama kwamba hata usingizi wake ulikuwa unamsumbua mtu. Sasa ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa dirishani, na alishapitiwa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mkono mmoja ulivuka ukingo wa godoro ukalala sakafuni, ukachukua na ile njia ya kupita.

Kulikuwa na sare ya mteja ya kukatwa siku hiyo. Mama Pacha aliitazama meza yake mpya nyuma ya cherehani, akaiacha. Alibeba kitambaa hadi chumbani, akakitandaza juu ya kitanda, akapiga magoti sakafuni na kukatia hapo, mgongo ukimlalamikia.

Mlango wa nje ukabamizwa. Mama Pacha aliruka, mkasi mkononi, akachungulia sebuleni. Wifi hakushtuka. Aligeuka upande wa pili, akavuta pumzi ndefu, akaendelea. Pacha waliotoka kucheza walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni, wanahema, wana jambo la kusimulia na kila mmoja anataka kuanza.

"Nendeni mkachezee nje," mama yao aliwaambia kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Shangazi yenu amelala."